Anza na Mashine, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Ikola, sogea tuongee. Nasikia unataka kukopa uagize santuri ya singeli kutoka Ulaya, na nyumbani hakuna hata cha kuipigia. Sikucheki. Moyo ukipenda muziki hauulizi bei, na wengi wamepita hapo hapo.

Mvuto wenyewe naujua. Vijana wa uswahilini kama wewe, pale studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, walitoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala (jina lisikushtue, ni la huko Uganda). Mwaka 2019 mmoja wao, Jay Mitta, akaja na albamu yake, Tatizo Pesa. Ngoma za vigodoro na michano ya kasi zikaingia kwenye santuri na kuvuka bahari. Kifua lazima kijae! Changu pia kimejaa. Lakini kukipenda kitu si lazima ukipate leo.

Sasa nikugombeze kidogo. Santuri inataka mashine, sindano nzima, spika na umeme uliotulia. Sindano iliyochakaa inaichimba santuri mpaka sauti inakwaruza. Na joto nalo: ilaze chini ya bati la Ikola mwezi wa kumi, utaikuta imejikunja kama chapati. Santuri husimamishwa wima, kivulini, mbali na mchanga wa ufukweni. Tena mzigo utapita forodha Dar, upande basi hadi Mpanda, ndipo utafute gari la kushuka ziwani. Kila kituo kina mkono unaodai hela.

Hiyo hela ndiyo inayoninyima usingizi. Unasema utalipa kwa dagaa wa giza lijalo. Umesahau mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15? Ziwa lilifungwa, madeni hayakufungwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mama akikosa hela ya kusagisha mahindi, santuri hiyo utaisikiliza kwa aibu, na muziki wa aibu hauna utamu.

Halafu usimwamini kila anayekutumia picha ya santuri. Bongo Fleva ya mwanzo ilitembea kwa kaseti, hata Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ya mwaka 2001. Mtu akikwambia anayo santuri ya enzi hizo, mwambie aipige uisikie kabla hujatuma hata shilingi.

Kama kiu yako ni muziki wenyewe, nunua kwanza albamu ya kupakua kwenye simu. Haipindi kwa joto wala haipiti forodha. Huku ukiweka akiba, waulize wazee wa hapo, na wale wenye ndugu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kama kuna mashine ya santuri imelala stoo; fundi mzuri anaweza kuifufua. Ukiipata na ikapiga, niandikie. Tutachagua santuri ya kwanza pamoja.