Somo la Jumamosi: Kisu na Habari Zake

 

Nyumba zetu nyingi hapa Uingereza zina kisu kimoja ambacho hakikati nyama wala kitunguu. Kimefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati: jambia la babu, sime iliyoletwa kutoka safarini, au kisu cha kukunja alichokuwa nacho ami alipofanya kazi melini. Wapo watu wanaokusanya visu kama hivi na kukutana ili waonyeshane. Huenda ukadhani wanashindana kwa makali au kwa bei. Wasikilize vizuri: swali lao la kwanza ni, "Umekipata wapi?" Kisu kisichojulikana habari zake ni chuma tu. Leo tujifunze kukieleza.

SEHEMU ZA KISU
Mpini (mipini): unapokishika.
Makali: upande unaokata. Neno hili huwa katika wingi: makali yamekwisha.
Bapa (mabapa): ubavu wake ulio tambarare.
Ncha: mwisho wake uliochongoka.
Ala: nyumba ya kisu. Tunachomoa kisu alani, tunakirudisha alani.
Kisu kisichokata ni butu. Tunakinoa kwa kinoo.

VISU VINNE
Jambia limepinda, na huvaliwa mbele, kiunoni. Limo katika bendera ya Oman tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni. Pwani ya Afrika Mashariki, bwana harusi hulivaa pamoja na joho. Baadhi ya majambia ya zamani yana mipini ya pembe ya faru, ambayo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1977.

Sime ina makali pande mbili, nayo hupanuka karibu na ncha. Wamaasai huivaa kiunoni ndani ya ala ya ngozi nyekundu.

Kotama ni kisu cha mgema. Hukatia shina la maua ya mnazi ili tembo litoke. Tembo hili si ndovu! Ni lile la methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kisu cha kukunja huficha makali yake ndani ya mpini. Askari wa Uswisi walipewa chao mwaka 1891, kikiwa na bisibisi ya kufungulia bunduki.

SARUFI
Kisu hiki kilikuwa cha babu. Visu hivi vilikuwa vya babu.
Jambia hili lilikuwa la babu. Majambia haya yalikuwa ya babu.
Sime hii ilikuwa ya babu. Sime hizi zilikuwa za babu.

TAHADHARI
Methali yasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali ni mafunzo, si ruhusa. Hapa Uingereza ni kosa kubeba kisu njiani bila sababu inayokubaliwa na sheria. Kisu kidogo cha kukunja, kisichojikaza kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, kimeruhusiwa. Lakini darasani kwetu hata hicho hakiingii. Nia njema ya kuwaonyesha wenzako haitamzuia polisi kukusimamisha. Kisu kibaki nyumbani, habari zake zije shuleni.

KAZI YA NYUMBANI
Mwombe mzazi akitoe kisu mwenyewe na kukiweka mezani. Kichore, kisha andika majina ya sehemu zake tano. Halafu mwulize mkubwa wa nyumba, au mpigie simu bibi au babu:
1. Kisu hiki kilitengenezwa wapi?
2. Nani alikuwa nacho kwanza?
3. Mpini wake umetengenezwa kwa nini?
4. Kilifanya kazi gani?
Andika majibu kwa sentensi kamili. Jumamosi ijayo tutaonyeshana michoro.

KWA WAZAZI
Msikihifadhi kisu cha zamani ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu. Kifuteni kwa kitambaa kikavu, mkipake mafuta kidogo, na kabati lifungwe kwa ufunguo. Na maswali yale manne yasingoje likizo. Mzee akituacha, kisu hubaki, lakini habari zake huondoka naye.