Gesi ya Fosfini Katika Ghala la Mahindi

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa izalishayo mahindi kwa wingi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala mjini Songea. Ili kuwaua dumuzi na wadudu wengine, magunia yaliyopangwa hufunikwa kwa turubai, na vidonge vya alumini fosfaidi huwekwa ndani yake. Unyevu wa hewa hutoa humo gesi ya fosfini:

AlP + 3H₂O → Al(OH)₃ + PH₃

Gesi hiyo haibagui mdudu na mtu. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, yaani takriban lita 0.7. Tuchukue ghala lenye urefu wa mita 20, upana mita 20 na kimo mita 5; ujazo wake ni lita 2,000,000. Gesi ya kidonge kimoja ikienea humo sawasawa, itafikia sehemu 0.35 katika milioni. Kikomo cha sheria ya Marekani kwa siku ya kazi ya saa 8 ni sehemu 0.3.

Wengine hutegemea pua, kwa kuwa gesi hiyo hunuka kama kitunguu saumu. Lakini harufu hiyo yatokana na uchafu uliochanganyika nayo. Fosfini safi haina harufu. Basi mchukuzi asiingie ghalani mpaka turubai limefunuliwa, hewa imepita, na kipimo kimesomwa.

Mwanafunzi na ajiulize: je, chumba cha kulala kina lita ngapi za hewa? Jibu litamwonyesha kwa nini vidonge hivi visiwekwe kamwe katika mahindi yaliyomo nyumbani.