Kuvuta Gari kwa Gari: Kani, Kamba na Sheria

Gari linapoharibika njiani, mbali na gereji, mara nyingi msaada wa kwanza hutoka kwa gari jingine linalopita na kamba iliyomo ndani ya buti. Kazi yenyewe huonekana nyepesi: kamba hufungwa, dereva wa mbele huondoa gari, na dereva wa nyuma hushika usukani. Hata hivyo kamba hukatika, bampa hung'oka, na pengine gari la nyuma huligonga lile lililokuja kuliokoa. Mambo hayo yote yana maelezo katika somo la mwendo linalofundishwa shuleni, na mengi yanatokana na tabia moja ya kamba: kamba huvuta, lakini haiwezi kusukuma.

Kwanza yafaa kujua ni kani kiasi gani inayohitajika. Ikichukuliwa gari dogo lenye tungamo la kilo 1,000 katika barabara ya lami iliyo tambarare, ukinzani wa magurudumu yanayobingirika ni takriban sehemu 15 kwa 1,000 za uzito wa gari. Uzito huo ni nyutoni 9,800. Kwa hiyo kani ya nyutoni 150 hivi yatosha kuliendeleza gari kwa mwendo wa polepole usiobadilika. Kani hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 15 tu, na ndiyo sababu vijana wawili huweza kulisukuma gari hadi kando ya barabara. Likitakiwa kuongeza kasi kwa mchapuko wa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, nyutoni 500 zaidi zitahitajika. Na kama barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 10, ziongezwe nyutoni 980 nyingine. Jumla haifiki hata nyutoni 1,700. Kamba nzima ya nailoni yenye unene wa kidole hustahimili kani hiyo mara kadhaa.

Basi kwa nini kamba hukatika? Sababu si uzito wa gari, bali ni ulegevu wa kamba wakati wa kuondoka.

Ichukuliwe kwamba magari yote mawili yana kilo 1,000 kila moja, na kwamba kamba imelala chini ikiwa imelegea. Dereva wa mbele anaondoka, na kamba inapokazika gari lake limekwisha kufikia kasi ya mita 2 kwa sekunde, yaani kilomita 7.2 kwa saa. Nishati mwendo yake wakati huo ni nusu ya 1,000 mara 2 mara 2, sawa na jouli 2,000. Kwa kanuni ya kuhifadhika kwa momenta, magari hayo yakishikamana yatakwenda pamoja kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, na nishati mwendo ya yote mawili itakuwa jouli 1,000. Zile jouli 1,000 zilizobaki hazina pa kwenda isipokuwa ndani ya kamba, kwa kuirefusha.

Hapo ndipo aina ya kamba inapoleta tofauti kubwa. Nishati inayopokelewa na kamba ni wastani wa kani mara urefu ulioongezeka. Kamba ya nailoni ikirefuka kwa sentimita 50, wastani wa kani utakuwa nyutoni 2,000, na kilele chake, ikiwa kani hukua sawasawa na urefu, kitakuwa nyutoni 4,000. Waya wa chuma ukirefuka kwa sentimita 5 tu, wastani utakuwa nyutoni 20,000 na kilele nyutoni 40,000, ambazo ni uzito wa zaidi ya tani 4. Kweli, bodi la gari nalo hupinda kidogo na kupunguza mshtuko, lakini kupinda huko ndiko kunakong'oa bampa. Mnyororo unaosifiwa kwa nguvu zake ni chombo kibaya kwa kazi hii kuliko kamba inayonyumbuka. Kamba na ifungwe penye kitanzi au kulabu iliyowekwa na watengenezaji wa gari kwa kuvutia. Isifungwe kamwe kwenye bampa wala kwenye vyuma vya usukani.

Kunyumbuka nako kuna hatari yake. Kamba iliyorefuka imehifadhi nishati kama manati. Ikikatika, au kulabu ikichomoka, nusu tu ya zile jouli 1,000 yaweza kuirusha kulabu ya kilo 1 kwa kasi ya mita 31 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kwa hiyo mtu yeyote asisimame karibu na kamba wakati inapokazwa. Dereva wa mbele huondoka taratibu mno mpaka kamba inyooke, kisha ndipo huongeza moto.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa tofali moja, uzi wa kushonea na ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Tofali lililowekwa juu ya penseli za mviringo huvutwa kwa uzi bila taabu. Uzi uleule ukilegezwa kisha ukavutwa kwa ghafula, hukatika na tofali hubaki karibu palepale. Ukanda wa mpira ukiunganishwa kati ya uzi na tofali, mvuto wa ghafula kama ule huenda usiukate tena uzi. Wanafunzi wajaribu kwa ulegevu wa urefu mbalimbali na kuandika matokeo yao.

Shida ya pili hutokea wakati wa kusimama. Gari la mbele likifunga breki, kamba hulegea na hakuna kinacholizuia gari la nyuma isipokuwa dereva wake. Ikiwa magari yote mawili yana breki sawa, lakini dereva wa nyuma anachelewa kwa sekunde 1, gari lake litakwenda mbele zaidi kwa urefu ulio sawa na kasi mara sekunde hiyo 1. Kwa kilomita 36 kwa saa urefu huo ni mita 10. Kamba ya mita 4 huruhusu kilomita 14.4 kwa saa tu! Ndiyo maana madereva wenye uzoefu hupatana kabla ya safari kwamba wa mbele asifunge breki kwa ghafula, na kwamba wa nyuma ndiye aanze kukanyaga breki kidogo anapoona mwendo unapungua, ili kamba ikae imenyooka daima.

Msomaji ataona kwamba kamba ndefu ingetatua shida hiyo. Lakini kamba ndefu huleta nyingine: katika kona gari la nyuma hukata ndani, na mpita njia au mwendesha baiskeli akiona nafasi kubwa kati ya magari mawili hudhani njia i wazi. Sheria za barabarani zimechagua kamba fupi na mwendo mdogo. Kanuni za Uingereza za mwaka 1986 huweka mwisho wa mita 4.5 kati ya magari, na nafasi ikizidi mita 1.5 kamba lazima ionekane waziwazi. Ujerumani huruhusu mita 5, na hutaja kitambaa chekundu kuwa mfano wa alama ya kufunga kambani. Magari yote mawili huwasha taa za tahadhari. Nchini Tanzania, sheria ya kuanzia ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Injini iliyozimika huleta shida zake. Katika magari mengi breki husaidiwa na ombwe linaloletwa na injini. Baada ya kukanyaga mara chache msaada huo huisha na pedali huwa ngumu. Usukani wenye msaada wa injini nao huwa mzito. Ufunguo usichomolewe, kwani usukani utajifunga. Gari la gia za otomatiki huhitaji tahadhari zaidi: pampu ya mafuta ya gia huendeshwa na injini, hivyo magurudumu yanayoendeshwa yakizungushwa barabarani gia husagika zikiwa kavu. Kitabu cha gari hueleza kama laweza kuvutwa, na kwa umbali gani.

Gari ambalo breki zake zimekufa halivutwi kwa kamba hata kidogo. Katika mteremko kama wa Kitonga, mkoani Iringa, uzito huligeuza gari la nyuma kuwa mkimbizaji: mteremko wa mita 1 kwa 10 hulisukuma gari la kilo 1,000 kwa nyutoni 980, dhidi ya ukinzani wa nyutoni 150. Hapo panahitajika chuma kigumu cha kuunganishia, ambacho huvuta na pia husukuma, pamoja na gari la mbele lenye breki za kutosha magari mawili. Au bora zaidi, gari bovu lipakiwe juu ya lori.

Zoezi: Lori la kilo 4,000 linaanza kulivuta gari la kilo 1,000 kwa kamba iliyolegea, nalo lina kasi ya mita 2 kwa sekunde kamba inapokazika. Onyesha kwamba nishati inayoingia katika kamba ni jouli 1,600. Kisha eleza kwa nini nishati hiyo haiwezi kuzidi jouli 2,000 kwa kasi hiyo, hata lori liwe zito namna gani.