Riziki ya Mwanamuziki Aliyesoma: Kijitabu cha Nasaha kwa Wahitimu na Wazazi Wao

Neno la Kutangulia

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kijana anayekaribia kukabidhiwa astashahada, stashahada au shahada ya muziki, na kwa ajili ya mzazi wake ambaye, ingawa amelipa ada kwa moyo mkunjufu, bado hujiuliza usiku mwanawe atakula nini. Swali hilo si la dharau wala si la ujinga. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu lenye hesabu. Nasaha zilizomo humu zimekusudiwa hasa wahitimu wa Unguja, Pemba na Tanzania Bara, wawe wametoka Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira.

Jambo moja ndilo tunalotaka msomaji aondoke nalo: mwanamuziki aliyesoma achague kazi moja ya msingi, aiambatanishe na nyingine mbili zitokanazo na elimu ile ile, na azipange zote kwa kalenda ya mwaka mzima, wala asiipime taaluma yake kwa shangwe ya usiku mmoja.

Waliotutangulia Waliishije?

Kijana wa leo hudhani kwamba shida ya riziki katika muziki imezuka zama hizi, ilhali historia ya pwani yetu yaonyesha kuwa kila kizazi kilikuwa na namna yake ya kuutunza muziki, na kila namna ilikuwa na faida yake na upungufu wake.

Katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, muziki wa taarabu ulilelewa barazani kwa Sultani, na mpigaji aliishi kwa ihsani ya mlezi wake. Baadaye, mwaka 1905, kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikusanyika kwa mapenzi ya sanaa na udugu, kila mmoja akiwa na shughuli nyingine ya kumlisha. Kisha akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri. Sauti yake ikafika katika nyumba ambazo mwenyewe hakupata kukanyaga. Miaka ya 1960 ikaleta namna nyingine tena, pale bendi kama NUTA Jazz ilipomilikiwa na chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake wakapokea mshahara wa kila mwezi kama makarani.

Ihsani ya mlezi, udugu wa chama, mauzo ya kazi iliyorekodiwa, na mshahara wa mwajiri: hizo ndizo njia nne. Mhitimu wa sasa hukutana nazo zote kwa wakati mmoja, kwani hoteli, kikundi cha mtaani, studio na shule huweza kumwita katika wiki moja, na asiyejua tofauti zao huzitumikia zote bila ya kunufaika na hata moja.

Kazi Zilizopo

*Ualimu.* Hii ndiyo kazi ambayo wahitimu wengi huikimbia na ambayo aghalabu huwapokea wanaporejea. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, na sanaa imo ndani yake. Shule za binafsi nazo hutafuta walimu wawezao kufundisha kinanda, gitaa na kwaya. Lakini mhitimu afahamu mapema kwamba shahada ya kupiga ala si shahada ya ualimu. Anayetaka kuajiriwa katika shule za serikali, ikiwa hakusomea ualimu pamoja na muziki, itamlazimu kuongeza masomo ya ualimu baada ya shahada yake. Kufundisha nyumbani kwa saa hakudai cheti hicho, bali hudai uaminifu wa saa, subira kwa watoto, na daftari la maendeleo ya kila mwanafunzi ambalo mzazi aweza kulisoma.

*Upigaji na uimbaji.* Harusi, hoteli, kumbi, makanisa na matamasha kama Sauti za Busara, lifanyikalo Unguja mwezi wa Februari tangu mwaka 2004, huhitaji wapigaji. Mwenye kusoma noti na pia kushika wimbo kwa sikio hupata kazi mara mbili, kwa maana mgeni wa hoteli humtaka apige kwa kusoma karatasi wimbo asioujua, na kikundi cha taarabu humtaka afuate pambio lisiloandikwa popote.

*Bendi za vikosi.* Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wana bendi zao, na aingiaye humo hupata mshahara na kiinua mgongo. Atambue, hata hivyo, kwamba huajiriwa kwanza kuwa askari: kuna sharti la umri, la afya na la mafunzo ya kijeshi.

*Studio, redio na filamu.* Wengi hutaka kuimba, wachache hutaka kukaa nyuma ya kioo na kuchanganya sauti. Mtu aliyefundishwa kusikia tofauti ndogo baina ya sauti mbili, na ajuaye kuandikia fidla na akodiani, ana hazina ambayo mtengenezaji wa matangazo, filamu na vipindi vya redio huitafuta.

*Ufundi wa ala.* Mlango huu haugombaniwi. Ala ya kanuni ina nyuzi zipatazo 78, zipangwazo tatu tatu, na daraja lake hukaa juu ya ngozi iliyowambwa. Hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, huilegeza ngozi hiyo. Udi hufumuka gundi, kinanda cha kanisani huingia mchwa, na mara nyingi fundi wa kuaminika hapatikani karibu. Kijana atakayejifunza useremala wa ala huku akiwa na sikio la mpigaji atakuwa na kazi ambayo haingoji msimu.

*Utafiti na hifadhi.* Nyimbo za ngoma za shamba, kanda za zamani za redio na daftari za watunzi wazee zahitaji kukusanywa, kunukuliwa kwa noti na kuwekwa kwa utaratibu. Riziki hapa huja polepole, kwa miradi na ufadhili, nayo yafaa iwe kazi ya kuambatanisha kuliko kazi ya msingi.

Kalenda ya Mwaka

Mapato ya mwanamuziki hayaendi sawasawa mwezi hadi mwezi. Harusi za Waislamu hushamiri katika mwezi wa Shaabani, husimama kabisa Ramadhani, kisha huanza tena baada ya Idi, katika Mfungo Mosi. Hoteli nazo hujaa wakati wa kiangazi na hupungukiwa na wageni katika masika, baina ya Machi na Mei. Na kwa kuwa miezi ya mwandamo hutangulia kila mwaka kwa siku zipatazo 11, majira haya mawili hayashikani daima: kuna miaka ambayo Ramadhani hukaribiana na masika au huingia ndani yake, na hapo mpigaji aliyetegemea harusi na hoteli peke yake huona miezi miwili au mitatu mfululizo ikipita pasi na senti.

Kwa sababu hiyo, anayepanga maisha yake asigawe matumizi kwa kipato cha mwezi mmoja mnono. Ajumlishe kile atarajiacho kwa mwaka, akigawe kwa 12, na aishi chini ya jibu hilo. Kisha aitazame kalenda na kujiuliza ni kazi gani kati ya zile tatu itakayomlisha katika miezi ya ukimya: mwalimu ana wanafunzi wake maadamu shule hazijafungwa, na fundi aweza kuitumia Ramadhani kuzikarabati ala zitakazohitajika Idi.

Haki ya Kazi na Mkataba

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, itumikayo Tanzania Bara, humlinda mtunzi kwa maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Ulinzi huanza pale kazi inapotungwa, lakini kuisajili katika ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa upande wa Bara au COSOZA kwa upande wa Visiwani, humpa mwenyewe ushahidi siku ya mzozo. Afahamu pia kuwa utunzi ni haki moja na sauti iliyorekodiwa ni haki nyingine, hata anayeuza moja asije akadhaniwa kuziuza zote mbili.

Mkataba wa tumbuizo hauhitaji kuwa mrefu. Utaje tarehe, saa za kuanza na kumaliza, ujira na malipo ya awali, usafiri na chakula, nani analeta vipaza sauti, na nini kitafanyika ikiwa shughuli itaahirishwa. Katika taarabu liongezwe jambo moja ambalo limevunja vikundi vingi: fedha za kutunza, zile ambazo mashabiki humpelekea mwimbaji jukwaani, ni zake peke yake au ni za kikundi kizima? Jibu liandikwe kabla ya ngoma kuanza.

Kwa Mzazi

Mzazi mwema, hofu yako juu ya staha ya mwanao yaeleweka, kwani jina la uhuni limewaandama wanamuziki kwa muda mrefu. Mpime kama ungempima kijana yeyote wa kazi nyingine: je, hutimiza ahadi, hutunza hesabu, hurudi na alichokubaliana? Akiwa na sifa hizo, mpe muda wa miaka miwili au mitatu ya kujijenga kabla ya kumhukumu.

Ya Kufanya Katika Mwaka wa Mwisho wa Masomo

1. Chagua kazi ya msingi na mbili za kuambatanisha, uziandike.
2. Kaa na mtu anayeifanya kila moja ya kazi hizo, umwulize mapato yake ya mwezi mbaya kuliko yote.
3. Rekodi kazi tatu fupi zilizo safi, ziwe ndizo barua yako ya utambulisho.
4. Jisajili katika baraza la sanaa: BASATA ikiwa uko Bara, au BASSFU ikiwa uko Zanzibar.
5. Sajili tungo zako, na uweke nakala mahali pawili.
6. Fungua daftari la mapato na matumizi, na akaunti ya akiba kwa miezi ya ukimya.
7. Mfundishe mtoto mmoja kwa muhula mzima, hata bila malipo, ili ujue kama ualimu unakufaa kabla haujakuwa lazima.

Atakayeyatimiza haya hatahakikishiwa utajiri, ila ataianza kazi akijua bei ya saa yake, mwezi wa njaa yake na mpaka wa haki yake. Na kwa elimu hiyo ataweza kukataa kazi mbaya bila hofu, na kuipokea njema bila kubabaika.