Namba kwenye sikio la ngombe: somo kutoka kwa wafugaji wadogo wa Marekani



Katika somo hili tunazungumzia kuandikisha mifugo: kumpa kila mnyama namba, kuandika mwenyewe ni nani na anakaa wapi, halafu kufuata safari ya mnyama huyo toka kuzaliwa mpaka kuchinjwa. Serkali nyingi zinataka jambo hilo sasa. Jirani zetu wa Tanzania walilitungia sheria mwaka 2010. Lakini sisi tutachukua mfano wa Marekani, kwa sababu kule wafugaji wadogo walikataa, wakasikilizwa, na nyuma ya miaka kumi na kitu ubishi ukarudi tena. Yale waliyoyauliza, hata mwenye ngombe wawili anapaswa kuyajua.

Mambo yalianza na ngombe mmoja. Mwezi wa Desemba 2003, katika jimbo la Washington, ngombe jike wa maziwa alikutwa na ugonjwa wa kichaa cha ngombe, ule unaoharibu ubongo na ambao mtu anaweza kuupata kwa kula nyama yenye ugonjwa. Nchi nyingi, pamoja na Japani, zilifunga mlango kwa nyama ya Marekani. Ngombe huyo alikuwa amezaliwa Kanada, na waveterineri walitafuta wenzake waliovuka naye mpaka. Hawakuwapata wote. Walikuwa wamekwisha kuuzwa huku na kule, na karatasi hazikuwafuata.

Hapo wizara ya kilimo ikatoa mpango mkubwa, ulioitwa NAIS kwa kifupi. Ulikuwa na ngazi tatu. Kwanza, kila mahali penye mnyama pa kufugwa paandikwe na kupewa namba, hata kama ni kuku wachache nyuma ya nyumba. Pili, mnyama apewe namba yake ya tarakimu 15, inayoanza na 840, na kwa ngombe namba hiyo iwe katika hereni ya kielektroniki inayosomwa na mashine. Tatu, kila mara mnyama anapohama, mwenyewe atoe habari ndani ya saa 24. Shabaha ilikuwa hii: ugonjwa ukitokea, leta ijue katika saa 48 mnyama alipita wapi na alikutana na nani. Mpango wa mwaka 2005 ulisema mpaka Januari 2009 yote yawe lazima.

Tuseme wazi: sababu yao haikuwa ya bure. Munajua wenyewe ugonjwa wa midomo na miguu unavyokimbia kutoka soko moja mpaka kijiji kingine. Kama hujui ngombe wa soko la Jumanne walielekea wapi, utafunga njia zote, na asiye na kosa atafungiwa pamoja na mwenye mgonjwa.

Basi juu ya nini wafugaji walikataa?

La kwanza lilikuwa makuta. Mashine ya kusoma hereni ni ghali. Mwenye ngombe elfu anaigawa bei yake kwa elfu; mwenye tano anaigawa kwa tano. Halafu kulikuwa na jambo ambalo liliwachoma zaidi, na sisi tunaona walikuwa na haki. Kampuni kubwa za nguruwe na kuku, ambazo wanyama wao wanazaliwa pamoja na kwenda kuchinjwa pamoja, ziliruhusiwa kutumia namba moja kwa kundi zima. Mama mwenye kuku thelathini wa umri mbalimbali, anayenunua wawili leo na kuuza mmoja kesho, hakuweza kutumia njia hiyo. Yeye angepaswa kuhesabu mmoja mmoja. Sheria ilionekana sawa kwa wote, lakini mzigo ulikuwa mzito kwa mdogo.

La pili: kosa litamwangukia nani? Nyama mara nyingi inachafuka kwenye machinjio, si kwenye malisho. Lakini NAIS ilifuata mnyama mpaka mlangoni mwa machinjio, ikaishia hapo. Wafugaji waliogopa kwamba mtu akiugua, njia itarudi kwao peke yao, sababu namba yao ndiyo ilikuwa inasomeka. Tena daftari ile nani angeifungua? Mkusanya kodi? Mnunuzi mkubwa anayetaka kujua nani ana ngombe wengi ili ashushe bei?

Wengine walikataa kwa sababu ya imani. Wakristo wa Amish, wanaolima kwa farasi na kuepuka mitambo mingi, wengi wao waliona namba hiyo inafanana na alama ya mnyama katika Ufunuo sura ya 13. Jimbo la Wisconsin lilikuwa la kwanza kulazimisha kuandikisha mahali pa mifugo, na mfugaji mmoja wa Amish alipelekwa mbele ya korti kwa kutojiandikisha. Jaji alimwachilia.

Upinzani wao ulikuwa wa namna gani? Hawakuficha ngombe porini. Walikwenda kwenye mikutano, waliandikia wabunge, walifungua kesi, na mashirika yao, kama R-CALF USA, yalileta hoja zenye hesabu. Mwishoni mwa 2006 wizara ilisema mpango ni wa hiari upande wa serkali kuu. Mwaka 2009 waziri Tom Vilsack alituma watu wake kusikiliza wafugaji katika miji zaidi ya kumi, na wengi waliosema walikuwa wanapinga. Februari 2010 aliuacha mpango, ingawa dola zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimekwisha kutumika.

Kilichokuja nafasi yake, mwaka 2013, kilikuwa chepesi: sheria iliangalia wanyama wanaovuka kutoka jimbo moja kwenda lingine tu. Hereni rahisi ya chuma ilikubaliwa. Chapa ya moto pia, kama majimbo mawili yanapatana. Ngombe wa nyama chini ya miezi 18 hawakuguswa. Hereni ile ya chuma wafugaji waliizoea zamani, kwa sababu ilikuwa inawekwa siku ya chanjo ya brucellosis. Mtu alipata namba, lakini siku ileile alipata na dawa. Tofauti hiyo muifikirie vizuri.

Tangu Novemba 5, 2024, hereni mpya za ngombe wanaoguswa na sheria lazima zisomwe kwa macho na kwa mashine pia. Serkali inagawa nyingine bure. Wapinzani wamerudi kortini. Sisi tumezoea kuona karatasi ya kwanza inatoka bure na ya pili inakuja na bei, kwa hiyo tunawaelewa.

Hatuandiki haya ili mumfukuze veterineri. Kwenye mkutano wenu ujao, fikirini kwamba mtu amefika na sanduku la hereni. Atalipa nani hereni ikipotea kichakani? Daftari itakaa kwa chifu, kwa koperative, au mbali? Siku hiyo ngombe atapata chanjo, au namba tu? Na ngombe akiibwa usiku, namba hiyo itasaidia kumrudisha, kuliko alama zetu za kawaida? Majibu muyaandike kwenye daftari ya mkutano. Agronomu atapita kuyachukua.