Kabla Hujalipia Desa: Kilichomo Kwenye Maktaba Yetu Ndogo

Najua wengi wetu tunaosomea ualimu tuko kwenye pilikapilika za kujiandaa na mazoezi ya kufundisha, na bumu likichelewa kila mtu anajua mambo yanakuwaje. Mimi nimepanga Pasua, geto la chumba kimoja, na njia yangu ya kwenda kupanda daladala inapita mbele ya steshenari tatu. Zote zinauza desa. Lipo la mbinu za kufundishia, lipo la saikolojia ya elimu, lipo la Historia kidato cha kwanza hadi cha nne, limebanwa pini na kuwekewa jalada la plastiki. Sina ugomvi na wenye steshenari, wanatafuta riziki kama sisi. Ugomvi wangu ni na kilichoandikwa ndani.

Lile la Historia nililolifungua mimi lina mada zilizopangwa kwa mtaala wa 2005, na mtaala huo ndio unaondoka. Tunayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu. Imekuja na somo jipya la lazima, Historia ya Tanzania na Maadili, tena linafundishwa kwa Kiswahili. Sasa fikiria umeingia darasani na andalio la somo ulilolitoa kwenye desa, halafu wanafunzi wanakutazama tu kwa sababu mada hiyo haimo kwenye vitabu vyao. Msimamizi naye amekaa dawati la nyuma na kalamu yake. Alama zitapotea, lakini kinachoniuma zaidi ni dakika arobaini za watoto wa watu.

Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu maktaba yetu. Ni ndogo, tusidanganyane. Kipindi cha mitihani ukifika saa tatu asubuhi hupati kiti, na kitabu kinachotafutwa na darasa zima kina nakala moja ama mbili. Lakini muhula huu nimekaa sana na mkutubi wetu kaunta nikimsumbua kwa maswali, na nimegundua tunaihukumu maktaba kwa kuhesabu rafu wakati sehemu kubwa ya mali yake haikai kwenye rafu.

Nianze na kilicho karibu. Kompyuta za maktaba zina intaneti, na waifai inashika hadi kwenye viti vya nje. Usimalize bando lako geto kwa kazi ya kufanyia pale. Ingia tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Mitaala na mihutasari mipya imo, bure. Wanayo pia Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada vya shule vinasomwa bila kulipa. Kabla hujaandika azimio la kazi hata mstari mmoja, soma muhtasari wa somo lako pale, uone umahiri unaotakiwa na shughuli zilizopendekezwa. Ukitoka hapo nenda tovuti ya Baraza la Mitihani. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali: swali lilidai nini, watahiniwa walikwama wapi, na mara nyingi wanaweka picha ya jibu zuri na jibu dhaifu kama yalivyoandikwa kwa mkono wa mtahiniwa. Soma majibu dhaifu. Unamwona mtoto kabisa, unaona pale alipochanganya sababu na matokeo, na unajua kesho utasimama ubaoni kueleza nini. Sijui desa gani litakupa hicho.

Habari ya pili ni ya wanaoandika tasnifu. Chuo chetu kimejiandikisha Research4Life, na jina la kuingilia pamoja na nywila vinapatikana kaunta ukionyesha kitambulisho. Huu ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji. Ulianza mwaka 2002 kwa Hinari ya Shirika la Afya Duniani, mwaka uliofuata ikaja AGORA ya FAO upande wa kilimo, na nyingine zikaongezeka. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo huingia bure ama kwa malipo madogo na kusoma majarida ambayo mtu binafsi akitaka makala moja tu anadaiwa dola kadhaa. Usiidharau kwa kuona jina la afya na kilimo; za elimu na jamii zimo. Ila nywila hiyo ni ya chuo, usiibandike kwenye grupu la WhatsApp. Ikisambaa, chuo kizima kinaweza kufungiwa, na atakayeumia ni yule anayekabidhi tasnifu wiki ijayo.

Kama hutaki habari ya nywila, lipo AJOL, linalokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, na makala zake nyingi hupakuliwa bure. Wa Kiswahili tunalo pia Swahili Forum, jarida linalotolewa Ujerumani na kusomwa na yeyote bila kulipa. Wa Historia, juzuu nane za Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO zimo mtandaoni. Juzuu ya kwanza ilihaririwa na Joseph Ki-Zerbo, ya nane na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa. Ni vitabu vinene, usijaribu kutoa kopi.

Kutafuta nako kuna ufundi wake. Mfano hai: nilikuwa naandaa somo kuhusu upinzani dhidi ya ukoloni, nikataka mfano wa hapa hapa, Mangi Meli wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Ukiandika jina lake kwa Kiswahili kwenye Google Scholar unapata vitu vichache, unakata tamaa. Mkutubi akaniuliza, "Mwanangu, hao Wajerumani waliandikaje Chagga?" Nikanyamaza. Akaandika kwenye karatasi: Dschagga. Na Moshi ni Moschi, na Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Old Moshi miaka mingi, kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu sheria na mila za Wachagga kina neno hilo hilo kwenye jina. Waingereza nao wakati mwingine huandika Chaga, kwa g moja. Kwa hiyo kabla hujasema hakuna kilichoandikwa kuhusu kwenu, jaribu tahajia za kila aliyepita kwenu. Mpare, Mmeru, Msambaa, nanyi hivyo hivyo. Kijerumani hatukijui wengi, lakini kuna programu za kutafsiri, na marejeo mwishoni mwa makala hayahitaji tafsiri.

Turudi kwenye rafu, maana vitabu vipo. Namba iliyo mgongoni mwa kitabu ni ya mpangilio wa Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Elimu ni 370. Saikolojia ya elimu utaikuta 370.15, mbinu za kufundishia 371.3, elimu maalumu 371.9, sekondari 373. Historia ya Tanzania ni 967.8. Kiswahili kama lugha kiko 496.392 na fasihi yake 896.392. Hapo nina neno kidogo. Kiingereza kimepewa 420 nzima, Kijerumani 430, Kifaransa 440, halafu lugha nyingi za Afrika, Kiswahili, Kizulu, hadi Kichagga cha bibi yangu, zimesongamana ndani ya 496, na ndiyo sababu namba yetu ina desimali ndefu kama namba ya simu. Mtu akitafuta mada ya tasnifu, hiyo hapo.

Sasa hili la mwisho linahusu tabia, na nitalisema bila kupaka mafuta. Kuna watu wanaficha vitabu. Mtihani ukikaribia, nakala ya pekee ya saikolojia ya elimu inaondolewa 370.15 na kwenda kulala kwenye rafu ya kilimo, ili aliyeificha aikute kesho. Katalogi inasema ipo. Mkutubi anaitafuta, wewe unaitafuta, haipo. Kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake katika maktaba ni sawa na kilichoibwa. Ndiyo maana kuanzia wiki hii vitabu vyenye nakala moja vimehamishiwa nyuma ya kaunta: unaacha kitambulisho, unasoma saa mbili mle ndani, unarudisha. Najua wapo watakaolalamika. Mimi nimeshakipata mara mbili ndani ya siku nne, muhula uliopita sikukiona kabisa. Na ukishamaliza na vitabu vya kawaida, viache mezani, usirudishe mwenyewe.

Jumamosi pakijaa, kumbukeni mjini kuna Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba iliyoundwa kwa sheria ya 1963. Kutoka Pasua naenda kwa miguu. Ulizeni kwanza saa zao za kufungua.

Kaunta pameletwa daftari la mapendekezo ya vitabu vya kununuliwa. Andika jina la kitabu, mwandishi, na kozi inayokihitaji. Mkutubi anasema orodha inapelekwa kwenye kikao cha bajeti mwishoni mwa muhula. Jana nililikuta na majina sita, manne ya watu wa biashara. Sisi wa ualimu tulikuwa wawili.