Usipande mtumbwi uliojaa

Mama, wewe unayevuka kutoka Lubunga kuleta mtoto kiliniki, somo hili ni lako.

Tarehe 3 Oktoba 2024, kule Goma, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku. Ilijaa kupita kiasi. Walikuwa wanakaribia kushuka, makumi wakafa.

Mtumbwi ukijaa, maji yanakaribia ukingo. Mmoja akisimama, unalala upande. Wote wanakimbilia upande mwingine, basi unapinduka. Angalia ukingo kwanza. Maji yakiwa karibu, kataa, hata mpiga kasia akisema "panda tu, mama." Chanjo inaweza kungoja kesho, sisi manesi hatutakugombeza. Mungu anatulinda, lakini macho pia alitupa. Ukiwa ndani, kaa chini mpaka mtumbwi ufungwe.

Mtoto akianguka majini, usimrukie. Hapo ndipo mama anakufa, na shangazi anayemfuata pia. Mtupie bidoni tupu yenye kifuniko, ao mnyoshee kasia. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Mpulizie pumzi 5 kinywani, halafu kandamiza kifua kama tulivyowaonyesha, wengine wakitafuta msaada.